Mhariri, tuandikieni na habari za breki na fri kwenye roboti

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana kila msimu wa mashindano ya roboti ukifika magazeti yetu yanajaa picha za vijana wameshika bendera, roboti mezani, mgeni rasmi pembeni, halafu basi, ndani ya hiyo roboti kuna nini na kwa nini imeshinda au imeshindwa hakuna anayetuambia. Mimi ni mlezi wa klabu ya roboti huku Morogoro na kuna kitu naona kinawaangusha madogo kila mahali, nacho ni setingi ya breki na fri kwenye kontrola za mota, yaani vile vifaa vinavyopeleka umeme kwenye mota. Wakifungwa wanasema betri ilichoka. Mara nyingi sio betri.

Nieleze kwa asiyejua. Dereva akiachia kijiti cha rimoti, mota haipati umeme tena, sasa kontrola lazima ifanye moja kati ya mambo mawili. Fri ni kuziacha nyaya mbili za mota zikae hewani, hazijagusana na kitu, kwa hiyo mota inaendelea kuzunguka mpaka msuguano uisimamishe. Breki ni kontrola kuziunganisha zile nyaya mbili zenyewe kwa zenyewe, na hapo mota inageuka jenereta, inazalisha umeme ambao hauna pa kwenda zaidi ya kurudi humohumo, na huo umeme unaikaba mota kinyume na inakozunguka. Kadiri ilivyokuwa na kasi ndo inavyokabwa zaidi. Na wengi wanadhani breki hii inakula chaji, hapana, haichukui kitu kwenye betri, ile nguvu ya mwendo inaishia kuwa joto kwenye koili za mota.

Anayetaka kuhakikisha aende kwa fundi aombe mota ndogo ya printa mbovu, ile yenye nyaya mbili. Zungusha ekseli kwa vidole, inateleza laini. Sasa gusanisha zile nyaya mbili, zungusha tena, utasikia imekuwa nzito ghafla. Achanisha, laini tena. Hakuna betri, hakuna laptopu, hakuna hela, na mtoto akishaisikia kwa vidole vyake mwenyewe huna haja ya kumwandikia chochote ubaoni. Ila usiishie hapo, mwambie azungushe polepole sana nyaya zikiwa zimegusana bado, ataona ule uzito karibu umepotea. Hilo ndo somo lenyewe. Breki ya mota inategemea mwendo, kitu kikisimama hamna tena cha kukaba. Madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga wanaijua hii habari, kushuka na gia na kushuka fri ni vitu viwili, na gia peke yake haitoshi kuliegesha lori mlimani.

Ndo maana naona timu nyingi zinapoteza pointi kwenye mkono wa roboti. Wameweka breki, mkono wameunyanyua na mzigo juu, dereva akiachia wanashangaa unashuka taratiiibu mpaka chini. Breki inaupunguza kasi tu, haiushiki. Kuushika unahitaji enkoda, kile kifaa kinachopima mota imezunguka kiasi gani, na programu inayoilisha mota umeme kidogo kila mara mkono ukianza kushuka, au gia ya skrubu ambayo mzigo hauwezi kuirudisha nyuma, au hata springi na mpira wa kusaidia uzito. Kwa maoni yangu bora suluhisho la chuma kuliko la programu, kwa sababu mechi ikiisha mitambo ya uwanja inakata amri zote, mota haipati umeme wa kushikilia, na kama roboti ilikuwa imening'inia kwenye bomba ikisubiri marefa wahesabu basi inaanza kuteremka mbele ya macho ya watu. Nimeona madogo wanalia kwa hili na hakuna aliyewaambia mapema.

Magurudumu ni hadithi nyingine, haya mimi nasema breki tangu mwanzo. Kwenye mechi za FRC, mashindano ya roboti ya vijana wa sekondari kule Marekani, kwa mfano, mechi nzima ni kama dakika mbili na nusu, na sekunde chache za mwanzo roboti inajiendesha yenyewe kwa programu bila dereva. Ikiwa fri, umbali inaoteleza baada ya kuambiwa simama unabadilika kila mara, betri ikiwa imejaa inateleza zaidi, ikibeba mzigo inabadilika tena, sasa programu utaiandikaje? Tatizo la breki ni roboti ndefu, ukiachia ghafla inataka kupiga mweleka mbele, na hapo vijana wanakimbilia kuweka fri wakati dawa ni kuiandikia programu ipunguze mwendo kidogokidogo badala ya kuukata.

Kuna na ile balaa ya kontrola kuharibika asubuhi ya mashindano, wanachomeka nyingine kutoka kwenye boksi la spea, hiyo spea imekaa fri wakati zile nyingine zote ni breki. Roboti inaenda mbele vizuri kabisa lakini kila ikisimama inakata kona yenyewe upande mmoja, fundi wa timu anakagua matairi, anakagua cheni, anakagua waya, kumbe ni setingi. Kwenye kontrola kama SPARK MAX inayoendesha mota isiyo na brashi unaweza kujua kwa kuangalia taa tu, rangi ya bluu iliyoingia kijani ni breki, ya waridi kali ni fri. Lakini usitegemee macho, andika setingi mwanzoni mwa programu kwa kila mota ili roboti ikiwaka tu ijipange yenyewe, hata kontrola iwe imetoka wapi.

Mahali pekee ninapopigania fri kwa nguvu zote ni gurudumu la kurushia mipira. Lile linazunguka kwa kasi kubwa, ukiliweka breki kila ukiachia unalikaba kwa nguvu yote, gia zinaumia na mota inapata joto bure. Ikiwa programu yenyewe ni ya washa-zima, yaani kasi ikipungua piga umeme wote na ikizidi kata, basi breki ni hatari kabisa, itakuwa inavutwa mbele na nyuma bila kupumzika. Hata maelezo ya WPILib, maktaba ya programu wanayotumia timu za FRC, yameweka onyo wazi kwamba namna hiyo ya kuendesha itumike na fri tu.

Mhariri, kinachoniuma ni kwamba haya hayahitaji pesa. Mashindano ya FIRST Global, yale ya roboti ya vijana wa dunia nzima, yalianza Washington mwaka 2017, yakaenda Mexico City 2018, Dubai 2019, Geneva 2022, Singapore 2023, Athens 2024, na kila nchi inapeleka timu moja, sisi na majirani zetu tumo. Boksi la vifaa ni lilelile kwa wote. Mota anayopewa mtoto wa Ujerumani ndo hiyohiyo ya mtoto wa Tanzania, na kwenye programu yake kuna mstari uleule wa kuchagua BRAKE au FLOAT, yaani breki au fri. Kwa hiyo tusiwaambie watoto wetu wameshindwa kwa sababu ya umaskini wakati kuna mstari hawajaonyeshwa.

Ombi langu kwa waandaaji wa mashindano ya hapa nyumbani, kwenye karatasi ya ukaguzi ambayo sasa inauliza urefu, uzito na voltii za betri, ongezeni swali la kila mota imewekwa breki au fri, na mkaguzi asukume roboti kwa mkono kidogo ajionee kabla hajasaini. Na ombi kwako Mhariri, mwandishi wako akienda safari ijayo kupiga picha, baada ya kumaliza na mgeni rasmi amfuate yule binti au kijana aliyeshika laptopu amuulize mota za magurudumu mmeziweka nini na za mkono mmeziweka nini, na kwa nini, halafu majibu yake myachape kama alivyoyasema.

Wako,
Mlezi wa klabu ya roboti,
Morogoro