Mtoto Wako Si Picha ya Kuombea Pesa

Kwenu wazazi na walezi wa watoto wenye mahitaji maalumu, wa Malaba, Tororo, Busia na popote Uganda barua hii itakapofika.

Wanangu, salamu. Nawaandikia nikiwa na hasira na sitaificha.

Juzi tuliitwa kwenye uwanja wa kanisa, wazazi pamoja na watoto. Alikuwapo kijana mwenye kamera, akidai ana wafadhili Ulaya. Kila mzazi akatoa shilingi 20,000 za fomu. Mama mmoja alikuwa amempendezesha mwanawe mwenye mtindio wa ubongo: sweta ya buluu, viatu, soksi nyeupe zilizokunjwa vizuri. Kijana akamwambia amvue viatu, amvue na sweta, kisha amlaze chini kwenye mkeka, kwa kuwa wafadhili hawatoi kitu wakiona mtoto amependeza. Yule mama akamvua. Nilipomwambia amvishe, alinitazama kama mtu anayenyang'anywa riziki mkononi. Simu ya kijana haipatikani tena. Pesa mnaweza kuzitafuta upya, lakini zile picha anazo yeye, na hakuna ajuaye zinaonyeshwa wapi.

Nani alimpa ruhusa? Ninyi. Mtoto asiyeweza kusema "sitaki" alitegemea mdomo wako, nawe ukanyamaza kwa sababu ya ahadi. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 35, inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na kutunziwa utu wao. Haisemi wasubiri hadi wakue.

Basi sikilizeni. Mfadhili wa kweli hakutozi pesa ya fomu. Na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016 inataka shirika liwe na makubaliano ya maandishi na serikali ya wilaya kabla ya kufanya kazi humo. Kwa hiyo akija mtu na kamera, mwambie asubiri, kisha nenda gombololani, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, uulize: huyu mnamjua? Swali hilo moja lingewaokoa wote waliokuwa pale uwanjani.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mnamkimbilia mgeni huku pesa iliyotengwa kwa ajili yenu ikiwapita mlangoni. Iko ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu inayotoka Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Hupewa vikundi, si mtu mmoja mmoja, na kikundi kinaweza kupata hadi shilingi milioni 5 za kuanzisha mradi. Walezi wa watoto wenye ulemavu mkubwa nao wamo. Tena kuna mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (eneo la utawala chini ya gombolola, si parokia ya kanisa) uliozinduliwa 2022, shilingi milioni 100 kwa kila parishi, na asilimia 10 imetengewa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo, utaurudisha, msije mkasema hamkuambiwa. Lakini vikundi viko wapi? Kimoja nilichokijua kilikufa kwa ugomvi wa nani awe mweka hazina, kabla hata ya kupata shilingi ya kuwekwa! Kidole kimoja hakivunji chawa, wanangu.

Asiyekuwapo na lake halipo. Kila baraza la gombolola na la wilaya lina madiwani wawili wa watu wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume, na Bungeni wako wabunge watano. Mtoto wako hawezi kwenda kuwauliza, nenda wewe. Hata hapa kijijini, makamu mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, ndiye mwenye dhamana ya mambo ya watoto. Wengi wao hata hawajui, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwagongea mlango kwa jambo hilo.

Wekeni karatasi kwenye faili moja: hati ya kuzaliwa, barua za daktari, ripoti ya tathmini, matokeo ya shule. Mwalimu mkuu akimkataa mtoto, mwombe aandike sababu na aweke sahihi. Mara nyingi kiti hupatikana hapohapo. Na akifika darasa la saba, hakikisheni shule imeeleza hali yake wakati wa kumsajili, maana UNEB, baraza la mitihani la taifa, huwaongezea watahiniwa hao dakika 45, na wasioona huandaliwa mtihani wa nukta nundu. Shule ikinyamaza, msaada huo hautafika.

Mwenye mtoto ambaye kichwa kinazidi kukua, acha waganga, panda gari leo uende Mbale. Hospitali ya watoto ya CURE imekuwa ikitibu kichwa maji tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na wako wanaofanyiwa upasuaji bila hata kuachiwa mrija mwilini. Kila wiki unayongoja, ubongo unabanwa. Kwa mifupa na viungo kuna hospitali ya CoRSU kule Kisubi, na Katalemwa Cheshire Home Kampala.

Akina baba, ninyi nina neno nanyi. Uwanjani pale niliwaona wanaume wawili tu. Mtoto akizaliwa na ulemavu, ghafla ukoo wa mama unachimbwa kutafutwa laana, na baba anahamia kwingine. Sheria ya Watoto inamtaka kila mzazi amtunze mtoto wake. Mama, ukiachwa, nenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii wilayani. Usione haya, mwenye haya awe yeye.

Nanyi waheshimiwa mnaogawa viti vya magurudumu mbele ya waandishi wa habari: mtoto wa miaka minne akikalishwa kwenye kiti cha mtu mzima, mgongo unapinda. Mpimeni kwanza.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango yake hujadiliwa miezi mingi kabla. Walio karibu na Malaba, tukutane Jumamosi hii baada ya soko, nyumbani kwangu. Njooni na faili zenu na watoto wenu, wamevaa vizuri. Tutachagua mweka hazina siku hiyohiyo, na Jumatatu twende gombololani kusajili kikundi.

Ni mimi bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Malaba