Kiwanja cha barafu kianze na ardhi iliyo sawa, taa zifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu viwanja vya kuteleza kwenye barafu, vile vya wazi visivyo na mitambo, ambavyo wakazi wa nchi za baridi kali hujijengea kwa michango yao. Wengi wetu hupenda kuzungumzia mbao za kuzungushia, taa za usiku na mabenchi ya kuvalia viatu, ilhali kinachoamua kama watoto watateleza au la ni ardhi iliyo sawa pamoja na watu waliokubali kumwaga maji usiku wengine wakiwa wamelala.

Kiwanja cha mita 20 kwa 10, kikiinama sentimita 20 tu toka ncha moja hadi nyingine, jambo ambalo jicho haliwezi kuling'amua, kitahitaji maji ya kina cha sentimita 30 upande wa chini ili upande wa juu upate sentimita 10. Yaani badala ya lita 20,000 zitahitajika lita 40,000, na maji hayo ya ziada huchelewa kuganda, huku uzito wake ukisukuma mbao hadi zing'oke. Kamba na pimamaji, vikitumiwa mapema kabla udongo haujawa mgumu kwa baridi, huokoa fedha nyingi kuliko mchango wowote. Turubai la kutandika chini nalo liwe jeupe, maana jeusi huvuta joto la jua. Hata jani moja kavu likiachwa juu ya barafu mchana hujichimbia shimo lenye umbo lake.

Kazi ya kumwaga maji ndiyo inayodharauliwa zaidi. Baada ya maji ya kwanza kuganda hadi chini, barafu hunenepeshwa kwa tabaka jembamba baada ya jingine, na kila tabaka liachwe ligande kabisa kabla ya kuongeza jingine. Mwenye haraka hufungulia mpira wa maji akaenda zake, na asubuhi hukuta uso unaong'aa vizuri ambao kumbe ni ganda tupu lenye hewa chini yake, na mtoto wa kwanza kukanyaga huzama hadi kwenye kifundo. Tabaka la mwisho likiwa la maji ya moto ni bora zaidi (najua wako watakaocheka), kwa sababu huyeyusha kidogo mikwaruzo ya juu na kushikamana na barafu ya zamani. Theluji nayo iondolewe mara inapoanguka, kwani ni blanketi linalozuia baridi isifike chini.

Wako wanaosema tuachane na usumbufu huu tununue mitambo ya kugandisha, ambayo si jambo geni, kwani London ilikuwa na kiwanja cha namna hiyo tangu 1876. Mimi siafiki, kwa kuwa mabomba ya kupoza chini ya sakafu hula umeme msimu mzima, na kikundi cha majirani hakiwezi kubeba mzigo huo. Hata hivyo tusijidanganye kuhusu hali ya hewa. Njia maarufu ya kuteleza juu ya mfereji wa Rideau jijini Ottawa, Kanada, yenye urefu wa kilomita 7.8, haikufunguliwa kabisa katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe. Mahali ambapo usiku wenye baridi ya kutosha haufuatani kwa siku kadhaa, ni heri fedha zitumike kwa mchezo mwingine.

Kwa hiyo naziomba kamati zinazokusanya michango sasa ziandike kwanza orodha ya zamu: nani atamwaga maji, nani atashika koleo la theluji, nani atahakikisha mpira umetolewa maji yote kabla haujaganda na kupasuka. Zamu zikikosa watu, ununuzi wa mbao na taa usubiri msimu ujao.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi