Yah: Malalamiko kuhusu pikipiki ya Drag Star 400 iliyouzwa na fomu ya "ukaguzi kamili"

Ndugu Meneja wa Mauzo,

Fomu mliyonipa pamoja na Yamaha Drag Star 400 imetiwa alama ya vema kwenye kila kipengele. Naomba aliyeijaza aeleze alikagua nini.

Tairi la nyuma, 170/80-15, lina namba 2314 ubavuni: limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Meno yake bado marefu, na hapo ndipo macho yanapodanganyika, kwani mpira umekauka na mifereji ina nyufa.

Siku ya mauzo injini ilikuwa imeshapashwa moto kabla mteja hajafika. Injini ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kudai choki, yaani kuongezewa petroli ili iwake, asubuhi ni jambo la kawaida. Hii inaidai hata ikiwa imechemka. Ukirudisha choki, inazima. Fundi alipofungua bakuli za kabureta alikuta unga mwekundu: kutu ya tangi, iliyoziba jeti ndogo za sailensa, yaani vitundu vinavyopitisha petroli injini ikinguruma bila kuongezewa mafuta. Jibu lenu la simu, "tutasafisha kabureta", halitoshi. Tangi lisipotolewa kutu na chujio la mafuta lisipobadilishwa, jeti zitaziba tena.

Kubwa zaidi ni shokapu za mbele. Zinavuja, nanyi mnasema mtaweka sili (raba za kuzuia oili) mpya. Pitisheni ukucha kwenye bomba la kulia, juu kidogo ya sili: unakwama kwenye vishimo vya kutu. Vishimo hivyo vitachana sili mpya kama vilivyochana za zamani, na oili ikiteremka hadi kwenye diski, breki ya mbele haitashika. Dawa ni bomba mpya.

Pikipiki hii haina mnyororo, inatumia shafti, yaani mhimili unaozunguka kupeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Oili ya gia ya nyuma, ambayo haifiki hata robo lita, ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Kufungua nati moja ya chini kungetosha kuliona hilo.

Ninachodai, kwa gharama zenu: bomba zote mbili za shokapu, sili na oili yake, tairi la nyuma, tangi kusafishwa pamoja na kabureta, sili za gia ya nyuma kukaguliwa na oili kumwagwa. Vipuri vya zamani nirudishiwe nivione.

Kama kazi haitaanza ndani ya siku 14, chukueni pikipiki, mnirudishie fedha zote. Nakala ya barua hii, pamoja na picha na fomu yenu, nimeiandaa kwa ajili ya Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mnunuzi