Kwinini haikupatikana kwa kuchemsha magome tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu malaria imeeleza kwamba mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walichemsha magome ya mkwinini wakapata dawa. Tunaomba mlisahihishe hilo. Magome yalikuwa yameshatumika Ulaya kwa karibu karne mbili. Kazi yao ilikuwa kuitenga kwinini yenyewe, tena hatua zake walizitangaza wazi bila kuziwekea hataza.

Kwinini tupu karibu haiyeyuki katika maji. Kwa hiyo katika njia iliyokuja kuenea viwandani, gome lililosagwa huchemshwa kwenye maji yenye tindikali kidogo. Kwinini hugeuka chumvi na kutoka, ila hufuatana na tanini (vitu vikali vya gome vinavyokausha mdomo) na rangi, mchuzi ukawa wa kahawia. Ukishachujwa hutiwa chokaa mpaka tindikali iishe na chokaa izidi kidogo. Kwinini hujitenga na kutuama. Chokaa ikipungua, sehemu ya dawa humwagwa pamoja na maji. Mashapo hukaushwa, ndipo yachemshwe kwa spiriti: kwinini inaingia kwenye spiriti, chokaa inabaki chini. Yasipokauka vizuri, maji huizimua spiriti na kwinini haitoki yote.

Lakini ustadi wa Pelletier na Caventou hasa ulikuwa kwenye gome la manjano, mojawapo ya aina za magome ya mkwinini. Gome la kijivu lilitoa fuwele nyeupe za sinkonina, kemikali nyingine ya magome hayo, ambazo daktari Mreno Gomes wa Lisbon alikwisha kuzipata. La manjano likatoa kitu cha rangi ya manjano hafifu, kinachonata kama ulimbo, kisichotaka kuganda fuwele. Ilikuwa rahisi kukiita sinkonina chafu. Wao wakakijaribu kwa etha, kimiminika kinachoyeyusha vitu vingi visivyoyeyuka katika maji: ulimbo ukayeyuka, ilhali sinkonina karibu haiyeyuki humo. Wakajua ni vitu viwili.

Ulimbo huo, yaani kwinini, hugeuzwa chumvi iitwayo salfeti kwa tindikali ya salfuriki, nayo ikipoa hushuka kama sindano nyembamba nyeupe, kwa kuwa sehemu 1 huhitaji takriban sehemu 800 za maji baridi. Hapa ndipo wengi hukosea. Tindikali ikizidi, hutokea chumvi nyingine inayotosheka na sehemu 10 hivi za maji, na chombo kitalala usiku kucha bila fuwele hata moja. Hapo hutiwa amonia ya kupunguza tindikali, tone kwa tone, huku ukipima kwa karatasi ya litmasi, inayobadili rangi kuonyesha tindikali, mpaka sindano zianze kuonekana.

Walimu wa kemia,
Morogoro