Barua kwa Mwanaidi: mkono mtupu na kiti cha jaji

Madison, Wisconsin
13 Aprili 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi imeanza kulegea na barafu ya ziwani imekwisha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umesema kaka yako ameamua kugombea udiwani, na wakubwa wa kata wameshamwambia mkono mtupu haulambwi: kama hana pilau, soda na nauli za wajumbe, asijisumbue hata kuchukua fomu. Kisha ukasema, na hapo ndipo uliponigusa, kwamba huku niliko mambo ni mengine, kwa kuwa umesikia redioni tajiri mkubwa kuliko wote duniani amemwaga mamilioni na mtu wake akaanguka. "Wenzetu hawanunuliki," ukasema.

Nimekaa na hilo neno siku tatu. Jibu lake haliingii kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia barua kama tulipokuwa bweni.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kiti kimoja tu, tena cha jaji. Mahakama ya Juu ya jimbo hili ina majaji saba, na huchaguliwa na wananchi kwa kura, kila mmoja miaka 10. Najua kwako hilo ni jambo geni. Kwangu pia lilikuwa geni. Walioshindana ni Susan Crawford, jaji wa kaunti yetu hii, na Brad Schimel, jaji wa Waukesha aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Kwenye karatasi ya kura hakuandikwi chama, lakini hakuna asiyejua kwamba Crawford anabebwa na Democratic na Schimel anabebwa na Republican. Mahakama ilikuwa imegawanyika, wanne wa mrengo wa Democratic kwa watatu wa Republican, basi kiti hicho kimoja ndicho kingegeuza mizani. Na kesi zilizokuwa zikiingojea zilikuwa nzito: sheria ya mwaka 1849 kuhusu kutoa mimba, haki za vyama vya wafanyakazi wa serikali, na pengine mipaka ya majimbo ya uchaguzi.

Kwa kiti hicho zimetumika zaidi ya dola milioni 100. Hakuna uchaguzi wa jaji uliowahi kula pesa hizo katika historia ya Marekani. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya hapahapa, ya mwaka 2023, iliyopita milioni 50. Waliopiga kura safari hii ni zaidi ya milioni 2.3. Gawanya mwenyewe: ni dola 40 na ushei kwa kila kura.

Zilikwenda wapi? Mimi nimeziona zikipita sebuleni kwa bibi ninayemhudumia. Ana miaka 84, televisheni yake haizimwi tangu asubuhi. Tangu Februari, kila kipindi kikikatika, tangazo. Likiisha, jingine la upande wa pili. Na yalisema nini? Huyu alimhurumia mbakaji, yule naye aliwaachia wabakaji. Pande zote mbili, Mwanaidi, wimbo mmoja. Bibi alikuwa akiniuliza, "Sasa hawa majaji wote wawili ni watu wabaya?" Sikuwa na la kumjibu. Mwanamke aliyefundisha shule karibu miaka 30, aliyekuwa akisoma magazeti mawili kwa siku, alifikia hatua ya kuogopa kupiga kura asije akamchagua mhalifu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko tarakimu zote.

Sasa huyo tajiri. Elon Musk na makundi yanayofungamana naye walitoa zaidi ya dola milioni 20 kumsaidia Schimel. Walimpa mpiga kura dola 100 akitia saini hati ya kupinga majaji wanaoitwa wanaharakati. Kisha Musk akatangaza kwamba atakuja kugawa hundi mbili za dola milioni moja moja kwa watu waliokwisha kupiga kura. Sheria ya hapa inakataza kumpa mtu chochote chenye thamani ya zaidi ya dola moja ili apige kura. Dola moja, shoga! Tangazo likafutwa, likaja jingine: fedha ni za wasemaji wa ile hati. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Josh Kaul, akakimbilia mahakamani kuzuia. Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri. Jumapili ya tarehe 30 Machi, sisi tumetoka kusali Idi, hundi zikatolewa jukwaani Green Bay.

Nilipoona picha nilikumbuka neno moja tu: takrima. Unakumbuka tulivyobishana? Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2000 ilisema ukarimu wa kijadi wa mgombea si rushwa, kanga na ubwabwa vikapata jina la heshima, mpaka Mahakama Kuu ilipolifuta jambo hilo mwaka 2006. Huku neno ni "usemaji wa hati". Kwetu tulisema "ukarimu". Na kumbuka kwamba Januari kampuni ya Musk, Tesla, ilikuwa imelishitaki jimbo hili, inataka ruhusa ya kuuza magari yake moja kwa moja. Kesi ya namna hiyo inaweza kupanda mpaka mbele ya majaji walewale saba.

Ni kweli Schimel aliangushwa, asilimia 45 kwa 55. Nilifurahi, sikufichi. Watu wengi niliosikia wakizungumza kazini walisema walichukizwa kuona mtu wa nje anakuja kununua kiti chao. Lakini usiniambie pesa ilishindwa. Bilionea George Soros alikipa chama cha Democratic cha hapa dola milioni 2, na gavana wa Illinois, JB Pritzker, naye tajiri wa kutajika, milioni 1.5. Sheria ya Wisconsin inamzuia mtu kumpa mgombea wa kiti hiki zaidi ya dola 20,000, ila tangu mabadiliko ya mwaka 2015 anaruhusiwa kukipa chama kiasi chochote, na chama kinampa mgombea kiasi chochote. Mlango umefungwa, dirisha liko wazi. Wananchi walichagua kati ya wagombea wawili ambao wote walibebwa na mabilionea. Yule wa tatu, jaji hodari asiyejuana na tajiri yeyote, hakuwemo kwenye karatasi. Huyo ndiye aliyeshindwa, na hakuna redio iliyomtangaza.

Na haikuwa hivi daima. Jimbo hilihili lilipitisha sheria mwaka 2009 ili wagombea wa Mahakama ya Juu wagharimiwe na umma. Mwaka 2011 wagombea wawili wa fainali walipewa dola 300,000 kila mmoja kwa fainali hiyo, basi. Makundi ya pembeni yalimwaga zao hata hivyo, maana Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshayafungulia njia mwaka 2010. Lakini angalau mgombea mwenyewe hakuwa na haja ya kupigia mtu magoti. Mwaka huohuo wa 2011 sheria ikafutwa. Ningekuwa na uwezo, ningeirudisha kesho.

Jambo jingine, ambalo sijamweleza mtu. Mimi nina kadi ya kijani tu, yaani ukaazi wa kudumu bila uraia, kura sina. Lakini sheria inaniruhusu kuchangia kampeni. Yaani ninaweza kutoa pesa pale nisipoweza kutoa sauti. Nililitafakari hilo nikimsindikiza bibi kituoni, nikamshikia mkoba, yeye akaingia peke yake na mkongojo wake. Alitoka ameshika kile kibandiko cha waliopiga kura, akanibandika mimi kifuani.

Kuhusu mchango wa kaka: aulize kwanza kwa msimamizi wa uchaguzi kama anaruhusiwa kupokea kutoka kwangu niliye nje. Akiruhusiwa, nitatuma wa mabango na wa mafuta ya pikipiki, azunguke kata nzima, ahoji watu shida zao za maji. Wa pilau sitatuma, hata senti. Najua atasema nimekuwa Mmarekani. Mwambie nilikuwa hivi tangu Tanga, na akianguka kwa sababu hiyo nitampigia simu mwenyewe.

Nisalimie mama, na umwambie dawa ya miguu nimempa mtu anayesafiri mwezi ujao.

Wako,
Zuhura