Barua kwa mwanangu: lenzi ingoje kwanza

Mwanangu,

Habari za huko Kahawa. Nimeona meseji yako ya pesa ya lenzi, na mamako amenisomea tena kwa sauti akidhani sijaskia. Nimeskia. Sitoi, angalau sio sai, wacha nikuambie kwa nini halafu unune ukitaka.

Ile picha iliyokupatia namba mbili kwa shindano, ya ndege marabu na makanga pale Nyayo Stadium, uliipiga na hako kakamera ka mtumba na lenzi ile ile kalikuja nayo. Nimeikodolea macho sana kwa simu. Ndege amesimama kando ya pipa, miguu myeupe pe juu ya kujinyea, ndio vile hao hupoza joto, shingo ameivuta ndani ya mabega, na hapo nyuma makanga amesimama vilevile kabisa, mabega juu, anangoja watu wajaze gari. Hiyo hakuna duka la kamera pale Luthuli Avenue inauza. Uliipata juu ulikuwa unarudi hapo kila asubuhi mpaka makanga wakakuzoea wakaacha kupozi.

Sasa si urudi tu. Na uamke, juu hapa kwetu jua linachomoza karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima na likishatoka linapanda mbio, saa tatu mwanga ushakuwa mkali na kila mtu ana giza mahali pa macho.

Hilo shindano la London unalotaka, Wildlife Photographer of the Year, liko tangu 1965, lina hadi kitengo cha wanyama wa mjini so marabu wako anaingia, lakini hao hawachezi, ukifika mbele wanaitisha faili ya RAW, ile ghafi yenye kamera ilitoa kabla ya kuhaririwa, waone umegusa nini. 2018 walimvua mtu ushindi baada ya kuamua mnyama kwa picha yake alikuwa maiti iliyokaushwa, mwenyewe akakana lakini wapi. Kwa hivyo ile karatasi ya chipsi chini ya pipa usiifute. Mimi hata naipenda.

Na ukilia vifaa, Mohamed Amin, mpiga picha, mtoto wa Nairobi huyu, aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia 1984, alipoteza mkono Addis Ababa 1991 akarudi kazini na mkono bandia. Haya niambie tena story ya lenzi ya zumu.

Penye unaangukia ni kuchagua. Unatuma picha juu ulinyeshewa ukiipiga, na jaji ana mapicha mengi mbele yake, yako anaipa sekunde kadhaa, mvua yako haijui.

Nitumie tatu unazofikiria tuzichambue na mamako, huyo jicho lake ni kali kuniliko. Zitume kama dokumenti, ukituma kawaida WhatsApp inazikamua zinabaki matope. Kuna kitu nimekutumia kwa M-Pesa. Ni nauli, sio dipoziti ya lenzi.

Babako