Ukitazama toka angani, mvuvi na mpiganaji wanafanana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu harusi moja iliyofanyika hapa Ujiji.

Ilikuwa jioni, bibi harusi ameshatolewa nje, kijana wa video akarusha droni yake ili apate picha za juu. Mlio wake, kama wa nyuki waliochokozwa, ukatanda uani. Watoto wetu wakaikimbilia huku wakipunga mikono. Lakini shangazi wa bwana harusi, mama aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka pande za Fizi, Kongo, kuja kwenye sherehe, alimnyakua mjukuu wake akajitupa naye chini ya meza ya chakula. Sinia la pilau likamwagikia kanga yake mpya. Tulipomwinua alikuwa anatetemeka, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Imeondoka?" Yule kijana aliishusha droni bila kuambiwa na mtu, akaikunja, akaitia mkobani. Picha za juu za harusi ile hazipo mpaka leo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na nina chombo kimoja cha dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Uaskari sikuusomea. Ila kati yetu na Kongo kuna maji ya kilomita hamsini hivi tu, na vita ya ng'ambo siku hizi inapiganwa pia kwa ndege zisizo na rubani. Februari 2024 droni zilishambulia uwanja wa ndege wa Goma. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia Uvira, mji ulioko kwenye ziwa hilihili tunalovulia, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Yule shangazi hakuogopa mzimu. Aliogopa kitu anachokijua.

Ninachotaka kusemea hasa ni hatua inayofuata, yaani droni inayopewa akili mnemba na kuachiwa kuchagua.

Ukraine ndiko ilikoonekana waziwazi tulivyofikishwa hapa. Vidroni vidogo vya bei isiyofika hata ya bodaboda mpya vinaongozwa na mtu aliyevaa miwani ya kuonea picha, akiwa mbali. Adui akajifunza kuvuruga mawimbi, droni zikawa zinaanguka. Wengine wakajibu kwa kuifunga droni uzi mwembamba wa mkongo wa mawasiliano unaofunguka nyuma yake kilomita nyingi. Wengine wakaipa droni macho yake yenyewe: mtu anaionyesha shabaha, mawasiliano yakikatika inamalizia safari peke yake. Kutoka hapo hadi kuiambia "nenda katafute mwenyewe" ni hatua fupi mno. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya 2021 kuhusu Libya, walikwishaandika juu ya droni za Kituruki aina ya Kargu-2 zilizopangwa ziweze kushambulia bila mawasiliano na mwendeshaji. Na Aprili 2024 waandishi wa habari wa Israel walieleza juu ya mfumo wa akili mnemba uitwao Lavender, uliokuwa ukitoa majina ya watu wa kushambuliwa Gaza, na kwamba afisa alikuwa akitumia kama sekunde 20 kulipitia jina moja. Jeshi la Israel linasema mashine haiamui. Lakini hata kusahihisha insha moja ya mtoto wa kidato cha kwanza sikuwahi kutumia sekunde ishirini.

Mashine hizi hazimjui mtu, Mhariri. Zinajua mwenendo. Zinalishwa picha nyingi, zinafundishwa kwamba adui hukaa hivi, husafiri saa hizi, hukutana na wenzake namna hii. Sasa njoo Kibirizi wiki za giza, mwezi usipokuwapo.

Vyombo vinatoka jua linapozama. Wakifika kwenye kina, vijana wanazima injini na kuwasha taa, kisha wanasubiri dagaa wapande kwenye mwanga. Wanasubiri saa nyingi, kimya. Mmoja anakumba maji kwa kidumu kilichokatwa. Mwingine amewasha jiko la mkaa ndani ya karai, anapika uji. Usiku wa manane chombo kingine kinasogea, wanaazimana petroli au betri, kidumu kinapita mkono kwa mkono. Dagaa wakishajaa, taa zinafifishwa ili wakusanyike juu ya wavu. Hapo hapo boti nyingine inapita bila taa, imebeba chumvi ya Uvinza na saruji kwenda Kalemie. Na usiku mwingine boti ya namna hiyohiyo inakuja upande wetu imebeba akina mama na watoto wanaokimbia. Sisi wa Kigoma tumewapokea miaka na miaka. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996.

Kamera inayoona joto, ikiwa juu kabisa, itaona nini? Injini bado ya moto. Watu sita. Boti mbili zimekutana gizani karibu na mpaka. Mzigo umehama. Mwanga umefifia ghafla. Mimi nikitazama naona mboga ya kesho. Mashine iliyofundishwa kutafuta waasi itaona kila kitu ilichofundishwa kukitafuta.

Msidhani natunga hofu. Usiku wa tarehe 3 Desemba 2023, katika kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, Nigeria, watu walikusanyika kusoma Maulidi. Droni ya jeshi la nchi yao wenyewe ikawapiga, na zaidi ya watu 80 wakafa. Jeshi lilikiri kwamba mkusanyiko ule ulidhaniwa kuwa wa majambazi. Nilipoisoma habari ile nilikaa kitako. Maulidi ya Ujiji ni vilevile: usiku, mikeka imetandikwa uwanjani, kanzu nyeupe, vijana wa dufu wameinuka na kukaa kwa pamoja, watoto wamelala mapajani.

Na pale Tudun Biri walikuwapo binadamu wakitazama. Walikosea, lakini walikuwapo, wakaweza kuulizwa, na jeshi likalazimika kusimama mbele ya wafiwa. Ikiwa mashine ndiyo iliyochagua, wafiwa wanamwendea nani? Aliyeandika programu yuko nchi nyingine. Aliyeiuza atasema haikutumika alivyoelekeza. Kamanda atasema hakubonyeza yeye. Mjane wa mvuvi wa Kibirizi atazungushwa mpaka achoke.

Wapo wanaosema mashine ni afadhali, kwa kuwa hailewi, haibaki na hasira ya mwenzake aliyeuawa, hainajisi binti za watu. Hoja hiyo siipuuzi. Nimefundisha watoto waliokuja na simulizi za askari wenye miguu na macho, na simulizi zile zinaumiza. Lakini askari mmoja akikosea amekosea yeye, na mwenzake ubavuni anaweza kumshika mkono. Programu ikikosea, kosa lilelile limo ndani ya droni zote zilizotoka kiwanda kile, usiku uleule.

Mji wetu una kumbukumbu ya mambo haya kuliko wengi wanavyojua. Meli ya Wajerumani iliyojengwa Papenburg, ikaletwa hapa vipandevipande na kuunganishwa, ndiyo Liemba tunayoijua, na iliposhiriki vita ziwani ndege za Wabelgiji zilivuka kutoka upande wa Kongo mwezi Juni 1916 na kuishambulia kwa mabomu bandarini Kigoma. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita bomu la angani lilishatufikia kutoka ng'ambo, katika vita ambayo babu zetu hawakuianzisha. Tofauti ni kwamba ndani ya ndege ile alikaa mtu, akaona bandari kwa macho yake.

Kijana wa video hapa nchini anatakiwa awe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na Wizara ya Ulinzi nayo imridhie, ndipo arushe droni kumpiga picha bibi harusi. Hilo ni sawa. Lakini duniani hakuna mpaka sasa mkataba mahsusi unaosema kwamba kabla silaha haijaua, binadamu lazima awe ameamua. Mazungumzo yalianza Geneva mwaka 2014. Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya silaha hizi kwa kura 166 dhidi ya 3, na Katibu Mkuu António Guterres alikwishataka mkataba ukamilike ifikapo 2026. Wenye silaha ndio wanaovuta miguu.

Watasema mkataba ni karatasi. Mabomu ya ardhini nayo yaliambiwa hivyo, hadi mkataba wa Ottawa wa kuyapiga marufuku ulipotiwa saini 1997, na panya wanaofunzwa pale Morogoro waliyanusa na kuyafichua mashambani Msumbiji, mpaka nchi ile ikatangazwa huru nayo mwaka 2015, na leo wanafanya hivyo Angola na Kambodia. Nchi yetu ina heshima ya kusema katika jambo hili.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa mkoa wa Kigoma wasimame Bungeni waulize serikali mambo mawili. Je, Tanzania itadai mkataba wenye kulazimisha, unaotaka binadamu aamue na awajibike kwa jina lake? Na je, italipeleka suala hili Arusha, kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Kongo ni mwanachama wake tangu 2022, ili majirani wa ziwa hili wakubaliane kwamba silaha ya kujichagulia haitaruka juu ya wavuvi? Jibu la serikali, Mhariri, nakuomba ulichapishe lote. Nitalibandika mwaloni, pale wanapopimia dagaa.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma